Maksai haamshwi na mvua ya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wanaolima kwa maksai huku Kusini, hasa Nachingwea, Ruangwa, Liwale, Masasi na Nanyumbu. Nane Nane ya Ngongo imekwisha, kusi imeanza kulegea, na mvua za kupandia bado kama miezi mitatu. Huu ndio wakati wa kuwarudisha maksai kazini, na wengi wetu tutaupoteza.

Kinachofanyika kila mwaka kinajulikana. Palizi ikiisha mwezi Machi, nira inatundikwa bandani, maksai wanachanganywa na kundi na kuachiwa machungani. Wanakaa hivyo miezi minane. Mvua ya kwanza ikidondoka mwishoni mwa Novemba au Desemba, wanakamatwa alfajiri, wanavishwa nira, plau inafungwa, na mwenye shamba anataka nusu ekari kabla jua halijawa kali. Siku ya tatu mmoja analala ndani ya mtaro na hataki kuinuka. Siku ya tano shingo zimechubuka. Kufika Krismasi utasikia kijiweni kwamba ng'ombe wa Kusini ni wavivu, afadhali kusubiri trekta. Wazee wa Nachingwea waliyaona matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa 1951, kwa hiyo hadithi ya kusubiri trekta naiachia wao.

Tuipime kazi yenyewe. Plau ya kawaida inakata mtaro wa upana wa sentimita 20. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Ukigawanya unapata kilomita 20: ndizo anazotembea maksai kulima ekari moja, kugeuka vichwani mwa shamba hakujahesabiwa. Ekari tano ni kilomita 100, karibu sawa na kutoka Lindi mjini hadi Mtwara mjini, tena kwenye tope huku anavuta. Udongo mwepesi ulioloa vizuri, ukilimwa kina cha sentimita 12 hivi, unadai mvuto wa kilo 60 hadi 80. Mfinyanzi wa mbugani unapita 100. Ng'ombe wetu wa asili, akiwa na afya, anaweza kuvuta kwa saa kadhaa mfululizo takriban asilimia 10 ya uzito wake. Jozi ya kilo 300 kwa 300 ina kilo 60 tu za kutoa. Kwa maneno mengine, hata akiwa fiti yuko ukingoni. Kiangazi kikimshusha hadi kilo 240, jozi hiyo hiyo inabaki na 48, na plau haijapungua hata kidogo.

Si ng'ombe peke yao walio hivi. Kule Alaska, wanaofuga mbwa wa kukokota sleji huanza mazoezi mwishoni mwa Agosti na Septemba, theluji ikiwa bado haijaanguka. Mbwa hufungwa kwenye gari dogo la magurudumu manne, wanakimbia kilomita chache asubuhi na mapema wakati bado kuna ubaridi, wanarudi. Umbali unaongezwa wiki kwa wiki, mpaka ifike Machi ambapo baadhi yao wanaingia kwenye mbio za Iditarod za karibu kilomita 1,600. Tofauti yetu na wao ni hii: wao kila wiki inayopita hewa inazidi kupoa, mbwa anasaidiwa na majira. Sisi tunatoka kwenye ubaridi wa kusi kuelekea joto la Oktoba na Novemba. Ukichelewa mwezi mmoja umepoteza mazoezi na umepoteza ubaridi pia.

Kabla ya kushika nira, mkague mnyama. Uzito usikadiriwe kwa macho. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzingo wa kifua nyuma kidogo ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mzingo wa 150 na urefu wa 130 unakupa kilo 270. Namba hiyo itakusaidia kujua mzigo, na itakusaidia kwenye dawa ya minyoo, kwa sababu kosa kubwa vijijini ni kumpa ng'ombe dozi ya ndama. Albendazoli ya asilimia 10 kwa ng'ombe wa kilo 270 ni mililita 20. Kama anachunga mabondeni kwenye minyoo ya ini, ni 27. Chupa ya soda iliyokadiriwa kwa kidole haipimi dawa.

Mbung'o ndiye adui mkubwa zaidi huku kwetu, na nagana, ugonjwa anaoueneza, ina tabia mbaya: mnyama anaweza kuwa nayo anachunga tu, anakula, anaonekana mzima, halafu siku tatu za kazi zinaiamsha. Tazama utando wa ndani ya kope, ukiwa mweupe badala ya wekundu wa afya kuna jambo. Papasa tezi iliyo mbele ya bega uone kama imevimba. Angalia manyoya yaliyosimama, na ng'ombe anayekula vizuri lakini anazidi kukonda. Mwite mtaalamu wa mifugo achukue damu, na matibabu yafanyike sasa, siyo Desemba. Na hapa kuna jambo ambalo wachoma sindano wengi hawalifikirii: dawa ya kinga ya nagana, ile ya isometamidiamu inayokaa mwilini miezi miwili hadi minne, huacha uvimbe mgumu mahali ilipochomwa. Mazoea ni kuchoma shingoni. Kwa ng'ombe wa maziwa haidhuru, ila kwa maksai umemwekea jiwe chini ya nira. Mwambie achome kwenye paja la juu, ndani ya msuli, na iwe wiki tatu au nne kabla ya kazi kuanza. Kwa kupe na mbung'o kwa pamoja, tumia dawa ya kuogesha ya jamii ya pairethroidi. Josho likiwa halina maji, bomba la mgongoni linatosha ukimloweza lita nne mwili mzima, hasa masikioni, kwapani na chini ya mkia.

Kwenye kwato sitakawia. Aliyekaa miezi minane kwenye mchanga kwato zimerefuka na ncha zimejikunja. Kata ncha kidogo, toa kokoto zilizojibana katikati, na matembezi ya wiki ya kwanza yapitie njia ya changarawe ili zijisawazishe zenyewe.

Chakula ndicho kinachowashinda wengi, na sababu yake ni saa. Ng'ombe anahitaji kuchunga saa sita hadi nane ili ashibe. Ukimfanyisha kazi asubuhi, ukamfungia saa 12 jioni, muda huo unambana, na malisho ya Oktoba ni vijiti. Lazima umwongezee zizini. Mabua ya mahindi, majani ya karanga yaliyovunwa yakiwa na ukijani, na makapi ya mbaazi tunayo tele, tunayachoma moto bure. Juu ya hayo mpe kila siku kilo moja na nusu ya pumba za mahindi, nusu kilo ya mashudu ya ufuta au alizeti, na chumvi kiasi cha gramu 30. Maganda ya muhogo mchungu yaanikwe hadi yakauke kabisa kabla ya kumpa. Maji lita 30 hadi 40 kwa siku, mara mbili. Kwa wenzangu wa uwanda wa Newala na Tandahimba, pigeni hesabu ya hayo maji kwanza kabla ya kununua jozi.

Kuna na mabibo. Kuanzia Oktoba yanatapakaa chini ya mikorosho na ng'ombe wanayapenda kuliko chumvi. Machache hayana neno. Akijaza tumbo, ile sukari inachachuka ndani, tumbo linachafuka, anaharisha, anayumba, na kazi ya kesho yake hakuna. Akitafuna na korosho yake mbichi, mafuta ya ganda yanamuunguza mdomo. Wala asichungiwe kwenye mikorosho iliyopulizwa dawa karibuni. Mazoezi yanayofanyika pembeni mwa shamba la mikorosho yatakugeuza mchunga mabibo, kwa hiyo chagua uwanja mwingine.

Sasa nira. Kwa ng'ombe mwenye nundu nira inakaa mbele ya nundu, na pale ndipo anaposukumia. Mti uwe mwepesi usiopasuka, mnene sentimita 10 hadi 12 pale unapogusa shingo, uliolainishwa kwa msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa. Mti mwembamba unakata kama waya. Mpingo waachieni wachonga vinyago, ni mzito mno. Kutoka katikati ya shingo moja hadi katikati ya nyingine iwe sentimita 90 hivi kwa kulimia. Ya kupalilia ni nyingine kabisa: mahindi yakiwa kwenye mistari ya sentimita 75, shingo ziachane mita moja na nusu, kila maksai apite kwenye nafasi yake na jembe la palizi lipite katikati. Vile vijiti viwili vinavyoshika shingo viache nafasi ya kiganja kilicholala kila upande. Vikibana, anakabwa anapovuta. Vikilegea, nira inacheza na kuchubua.

Vidonda vya shingo vina sababu zake, wala havitokani na ulaini wa ngozi ya ng'ombe wa Kusini kama wanavyosema. Ngozi iliyopumzika miezi minane ni laini kwa yeyote. Mvua inailowesha, jasho linaongezeka, nira mbovu inasugua, basi. Ngozi ile ile ikisuguliwa kidogo kidogo kwa wiki sita wakati wa kiangazi inakomaa kama kisigino cha mtembea pekupeku. Kufunga gunia kwenye nira hakusaidii. Gunia linanyonya jasho, linashika mchanga, na baada ya siku mbili ni msasa. Kila ukimfungua, mwoshe shingo kwa maji, kausha, kisha papasa kwa kiganja. Mahali penye joto kuliko pengine ndipo kidonda cha kesho. Kikitokea, hafungwi tena mpaka kipone, hata kama mvua ndiyo hiyo inanyesha. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha paka dawa ya zambarau.

Ratiba nitakayoitaja ni ya maksai waliokwisha kulima msimu uliopita. Wiki ya kwanza hakuna nira. Wafunge kamba, tembea nao kilomita mbili kila asubuhi, wasimamishe, wageuze, wape maji, warudishe. Wiki ya pili nira bila mzigo, nusu saa hadi dakika 45, kila mmoja upande wake wa siku zote. Jambo la upande halina mchezo: plau inapindua udongo kulia, kwa hiyo maksai wa kulia ndiye anayetembea ndani ya mtaro na wa kushoto yuko juu. Ukiwabadilisha ukubwani, wote wawili wanapinda.

Wiki ya tatu anza mzigo. Chukua gogo lenye panda, pigilia mbao juu, funga mnyororo wa mita mbili na nusu hadi tatu kwenye pete ya katikati ya nira. Likokotwe kwenye shamba tambarare, si barabarani, maana linachimba njia na mvua inamalizia. Uzuri wa panda ni kwamba unaongeza mzigo utakavyo: ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu ni kama kilo 30. Anza na gogo tupu la kilo 30 au 40, dakika 45. Wiki ya nne ongeza ndoo moja, saa moja. Wiki ya tano na ya sita ndoo mbili, saa moja na nusu. Kisha ndoo tatu mpaka ufike saa tatu wiki ya nane, ukiwapumzisha dakika 10 kila nusu saa. Usidanganyike na namba: gogo la kilo 120 halivutwi kama kilo 120. Kwenye udongo mkavu mvuto wake ni kama nusu ya uzito au zaidi kidogo, yaani kilo 60 na ushee, ambayo ndiyo plau yenyewe. Ongeza muda au mzigo, visiongezwe vyote siku moja. Siku mbili za kazi, moja ya kupumzika. Msuli unajengeka siku ya mapumziko.

Mgeni wa miaka mitatu anayeanza kabisa mpe wiki mbili zaidi za kamba na nira tupu, na mfunge na mzee anayejua kazi. Mzee atamfundisha kusimama kuliko fimbo yako. Wapewe majina mafupi yasiyofanana, na amri zisizidi nne: kwenda, kusimama, kulia, kushoto. Wote wanaowaswaga, baba na watoto, watumie maneno yale yale. Ukinunua jozi kutoka kwa wafugaji waliohamia Lindi tangu 2006 na 2007 wakitokea Usangu, muulize muuzaji majina ya ng'ombe na maneno anayowaamrisha nayo. Wapo maksai wanaopigwa kutwa nzima kwa ukaidi kumbe wanasikia Kisukuma tu.

Joto lipimwe kwa pumzi. Simama pembeni, hesabu ubavu unavyopanda na kushuka kwa nusu dakika, zidisha mara mbili. Akiwa amepumzika hazipaswi kuzidi 40 kwa dakika. Zikifika 80, au akifungua mdomo na kutoa ulimi, fungua nira hapo hapo, kivulini, mmwagie maji. Baada ya nusu saa pumzi ziwe zimerudi karibu na pale zilipoanzia. Zisiporudi, umezidisha, kesho punguza. Mazoezi yaanze saa 12 asubuhi na saa 3 wawe wameshafunguliwa. Wanaorudi shambani jioni ya saa 9 kumalizia waache, ardhi ya Oktoba saa hiyo bado inachoma kwato.

Wakati maksai wanajifua, shamba nalo lina kazi yake. Mashamba mengi ya Liwale na Nachingwea yamefyekwa juzi tu na visiki vimebaki. Plau ikigonga kisiki, mshtuko wote unaishia kwenye shingo mbili, na maksai aliyegonga visiki vitatu anajifunza kuvuta kwa woga. Visiki vya kwenye njia ya plau ving'olewe Septemba. Aliye na ripa, jembe la maksai linalochana mstari bila kupindua udongo, anaweza kuitumia kwenye udongo mkavu kwa kuchana mistari ya kupandia peke yake, na hiyo ni mazoezi na kazi kwa pamoja, ila iwe baada ya wiki ya saba.

Kwa wenye punda nina neno moja. Punda hana nundu, nira ya ng'ombe inamuumiza tu. Avalishwe mkanda mpana wa kifuani, na mazoezi yake yafuate hatua hizo hizo kwa mizigo midogo zaidi.

Kwa halmashauri zetu za Lindi na Mtwara nina ombi. Majosho yajazwe maji na dawa mwezi Septemba, na maofisa ugani wa mifugo watembelee mazizi ya maksai mwezi huo huo wakiwa na futi, vioo vya kupimia damu na dawa. Ziara ya Desemba humkuta mkulima yuko mtaroni na mnyama ameshalala.

Ni mimi, mfunza maksai,
Nachingwea, Lindi.